Baga Bila Mkate, Staili ya Kitui na Makueni: Bakuli Moja, Nusu Saa, Ugali Inapumzika

Ukiskia mtu akisema anakula keto, picha inayokuja kichwani ni ya supermaketi kubwa ya Nairobi, chizi ya bei na majani ya saladi yamefungwa kwa plastiki. Halafu unaangalia keja yako hapo Kitui mjini ama Wote: meko moja, karai moja, sufuria mbili, na saa ni moja na nusu jioni. Unasema hiyo ni ya wadosi.

Zii. Baga bila mkate ni dishi unaeza pika na vitu vya soko la kwenu, na Ukambani iko na faida moja kubwa: mbuzi. Hapa tunakupea maana yake, hesabu ya wanga, vitu vya kununua, hatua za kupika, na onyo moja ambalo hufai kuruka kama kuna mtu wa kisukari hapo nyumbani.

HII KITU NI NINI HASA

Baga ya kawaida ni nyama ya kusaga iliyobonyezwa bapa, kitunguu, nyanya, majani, achari na sosi, zote zimebanwa katikati ya mkate. Sasa toa mkate. Chukua hivyo vingine vyote, weka kwa bakuli, kula na uma ama kijiko. Hiyo ndiyo baga ya bakuli.

Si kitu kimeanza jana. Kule California kuna duka za baga za In-N-Out ambazo hukufungia nyama kwa majani ya saladi badala ya mkate, na wanaiita Protein Style. Na hii mambo ya kupunguza wanga ni ya kitambo kuliko hata baga yenyewe. Mwaka wa 1863 jamaa wa London anaitwa William Banting, kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi, alichapisha kijitabu akieleza vile alipunguza mwili kwa kuacha mkate, sukari, viazi na pombe ya bia. Jina lake lilishika mpaka leo Afrika Kusini watu wanaokula hivi husema wako kwa Banting, na huko aliyeipigia debe sana ni profesa Tim Noakes.

Kwa hivyo ukiiona TikTok, jua tu ni mambo ya zamani yamevalishwa nguo mpya.

KWA NINI UKAMBANI

Angalia chakula chetu cha jioni. Ngima. Isyo. Muthokoi. Chapati siku ya mshahara. Zote ni wanga, na hakuna aibu hapo. Mahindi, mtama, ndengu, mbaazi na kunde ndizo zimelisha Kitui na Makueni hata wakati mvua imekuwa bahili. Hatukuji hapa kuambia susu yako kwamba muthokoi ni adui. Usimwambie hivyo hata wewe. Utalala njaa.

Shida ni mahali tofauti. Kwa nyumba nyingi siku hizi kuna mtu mmoja ameambiwa na kliniki apunguze wanga: ni mathe, ni mbuyu, ni anko. Na sufuria ni moja. Kwa hivyo inaenda hivi: yeye anapewa ugali kidogo na sukuma, wengine wanakula kama kawaida, na baada ya wiki mbili amechoka kukaa mezani kama mtu anayeadhibiwa. Anarudi kwa ugali yote. Ama anapikiwa kando, na anayepika kando ni wewe, umetoka kazi umechoka.

Bakuli hii inasaidia hapo. Ni dishi moja ambayo watu wote wanaitamani, na mwenye anahitaji wanga kidogo hapikiwi kitu chake cha pekee. Wengine ndio wanaongezewa kando.

HESABU YA WANGA

Hizi ni namba za makadirio, kwa gramu za wanga:

- Nyama ya kusaga, ya ng'ombe ama mbuzi: sufuri.
- Yai moja: chini ya 1.
- Kabeji mbichi, gramu 100: karibu 6.
- Nyanya, gramu 100: karibu 4.
- Kitunguu, gramu 100: karibu 9.
- Avokado, gramu 100: karibu 9, lakini kama 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari.
- Ndengu zilizochemshwa, gramu 100: karibu 19, na kama 7 ni nyuzinyuzi.
- Embe, gramu 100: karibu 15.
- Mkate mmoja wa baga: kati ya 25 na 30.
- Unga wa mahindi mkavu, gramu 100: karibu 75.

Hiyo ya mwisho isome tena. Mtu mwenye njaa anaeza maliza ugali ya unga gramu 100 kama mchezo, na hapo hajagusa chai ya sukari. Bakuli yetu nzima, na mboga zake zote, inakaa hapo kwa gramu 20, na karibu theluthi yake ni nyuzinyuzi.

VITU VYA SOKO (WATU WANNE)

- Nusu kilo ya nyama ya kusaga
- Kabeji ndogo, nusu
- Nyanya 3
- Kitunguu kikubwa 1
- Kitunguu saumu, punje 3
- Tangawizi, kipande kama kidole gumba
- Avokado 1 iliyoiva
- Mayai 4
- Fungu moja la terere, sukuma ama majani ya kunde
- Embe bichi 1, ile ya kijani na ngumu
- Ndimu 2
- Maziwa mala, vijiko 5 vikubwa
- Haradali kijiko 1 kidogo, ukiwa nayo
- Nyanya ya mkebe, kijiko 1 kikubwa
- Pilipili manga, pilipili kali, dania, chumvi, mafuta

Tuanze na nyama. Mbuzi wa Ukambani wengi wametembea, wamekula vichaka, mafuta ni kidogo. Ladha ni kali na tamu lakini ukiisaga peke yake inaeza kuwa kavu. Ambia mchinjaji akuchanganyie na mafuta kidogo ya mbuzi huyo huyo, ama ununue robo ya mbuzi na robo ya ng'ombe. Kwa miji kama Kitui, Mwingi na Wote si ngumu kupata bucha iko na mashine. Ukiwa senta ndogo na hakuna, nunua mnofu bila mfupa, uikate vipande vidogo, halafu uipige na kisu kizito kwenye kibao mpaka ishikane. Ni dakika 10 na matokeo ni poa hata kushinda mashine.

Sheria moja: nyama isagwe ukiangalia. Mwambie, "Boss, nipimie hiyo ya paja, unisagie hapa." Nyama iliyosagwa asubuhi ikakaa kwa trei hadi jioni, bila friji, na jua la huku kwetu, achana nayo. Kusaga kunasambaza viini vya juu ya nyama mpaka ndani, ndiyo maana nyama ya kusaga huharibika haraka kuliko kipande kizima.

Mboga hazikosi. Kibwezi wanalima kwa umwagiliaji, kwa hivyo nyanya na vitunguu huonekana hata kiangazi. Milima ya Mbooni na Kilungu kuna baridi kidogo, na sukuma, kabeji na avokado zinakubali huko. Terere na majani ya kunde ni za nyumbani kabisa, mvua ikinyesha unazichuma nyuma ya nyumba.

Na embe? Makueni ni nchi ya maembe: apple, ngowe, Kent, Tommy. Embe ikiiva ni sukari, iweke ya wikendi. Lakini ikiwa bado bichi na chachu, inafanya kazi ya ile achari ya matango ambayo baga za mjini huwa nayo. Msimu ukiisha, tumia tango la kawaida na ndimu zaidi.

HATUA ZA KUPIKA

1. Achari kwanza. Menya embe bichi, ikate nyuzi nyembamba kama za kachumbari. Tia nusu kijiko kidogo cha chumvi, maji ya ndimu moja, na pilipili kali kidogo. Koroga, funika, weka kando. Wakati unapika hivi vingine yenyewe inalainika.

2. Kata kabeji nyembamba sana. Nyembamba kabisa, si vipande vya kupikia. Ioshe, ikaushe, itie chumvi kidogo uifinye na mkono mara kadhaa ilegee. Hii inaliwa mbichi kwa hivyo maji ya kuoshea yawe safi. Kata nyanya na nusu ya kitunguu mviringo.

3. Chemsha mayai dakika 9, yamwagie maji baridi, menya.

4. Terere ama sukuma: kata, tia kwa sufuria na maji ya kijiko kimoja au viwili na chumvi kidogo, funika dakika 3, zima. Majani ya kunde yanataka muda zaidi, kama dakika 10 na maji kidogo.

5. Sasa nyama, na hapa ndipo wasee wengi huharibu. Pasha karai moto mkali mpaka tone la maji likianguka linaruka. Tia mafuta kijiko kimoja kama ni mbuzi. Kama ni ng'ombe wa mafuta, usitie kitu. Tandaza nyama yote kwa karai, ibonyeze na mwiko iwe bapa kama chapati nene, HALAFU UIACHE. Dakika 3 hadi 4 bila kugusa.

Sababu ni hii: ladha ya baga ni ile ngozi ya kahawia nyama inapata ikikutana na chuma moto. Ukianza kukoroga mara moja, maji yanatoka, karai inapoa, na umebaki ukichemsha nyama. Itaiva, ndio, lakini itakuwa ya kijivu na ya samosa. Hatutaki ya samosa leo.

6. Ikishakuwa kahawia chini, igeuze kwa vipande vikubwa, acha dakika 2 tena. Sasa ndio unaivunja vunja. Tia nusu ya kitunguu iliyobaki ikiwa imekatwa ndogo, saumu, tangawizi, chumvi kijiko kimoja kidogo na pilipili manga ya kutosha. Koroga dakika 4 hadi 5, mpaka hakuna mahali pekundu na maji yanayotoka ni masafi. Nyama ya kusaga haliwi nusu mbichi, hata kama umeona kwa sinema.

Ukitaka umbo la baga lenyewe, changanya nyama na viungo na yai moja bichi, gawanya mara nne, fanya bapa, bonyeza shimo dogo katikati ili isivimbe, kaanga dakika 4 kila upande mpaka ndani iive. Usitie unga wala mkate wa kusagwa. Ukitia, umerudisha wanga kwa mlango wa nyuma.

7. Sosi. Mala vijiko 5, nyanya ya mkebe kijiko 1, haradali, maji ya nusu ndimu, chumvi na pilipili. Piga na uma. Hiyo inachukua nafasi ya tomato sosi na mayonezi. Tomato sosi ya chupa iko na kama gramu 4 hadi 5 za wanga kwa kijiko kimoja kikubwa, nyingi ni sukari, na hakuna mtu huwa anaishia kijiko kimoja.

8. Panga bakuli. Kabeji chini, terere pembeni, nyama katikati ikiwa moto, nyanya, kitunguu, robo ya avokado, yai limekatwa mara mbili, achari ya embe, sosi juu, dania. Nesa muno.

Ukifanya kwa huu mpangilio, ni kama nusu saa tangu ushike kisu. Ukiwa na meko ya moto mmoja, mayai na mboga zitangulie, nyama iwe ya mwisho. Hivyo kila kitu kinafika mezani nyama bado ina moto.

MAHALI WATU HUPOTEZA

Unga wa mchuzi wa paketi. Soma nyuma: kuna wanga wa mahindi na chumvi nyingi. Nyama hii iko na tangawizi, saumu na pilipili manga, haihitaji.

Chipo kando. Ukiondoa mkate ukaweka chipo, umebadilisha jina tu.

Soda. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kawaida iko na zaidi ya gramu 30 za sukari. Hiyo peke yake inashinda bakuli yote.

Kupunguza mafuta na wanga kwa siku moja. Ukitoa ugali na pia ukaogopa avokado, yai na mafuta ya nyama, saa nne usiku utakuwa unatafuta mandazi. Shiba inatoka kwa hivyo vitu.

SUFURIA MOJA, SAHANI MBILI

Si kila mtu nyumbani anahitaji wanga kidogo. Watoto wanakua. Kaka yako anayebeba mawe mjengoni akila kabeji na yai atakuuliza chakula kiko wapi, na yuko na haki. Kwa hao, chemsha ndengu asubuhi ama jana yake, weka kikombe kwa bakuli yao kabla ya nyama. Ama wape muthokoi ya kando. Nyama ni ile ile, sosi ni ile ile, na mtu wa kliniki anakula kitu kile kile wengine wanakigombania.

Na hata yeye si lazima wanga iwe sufuri. Nusu kikombe ya ndengu ni gramu kama 19, na hizo nyuzinyuzi zinafanya sukari iingie kwa damu polepole kuliko ugali ya unga mweupe. Mara nyingi ushauri wa kliniki ni kupunguza na kupima, si kufuta kila kitu.

Ganji ikiwa chini, punguza nyama hadi robo kilo, ongeza mayai yawe 6 na uyoga ama ndengu kidogo. Mwisho wa mwezi ukisota kabisa, mayai, kabeji, avokado na hiyo sosi bado ni dinner.

KAMA KUNA MTU WA KISUKARI, SOMA HAPA

Hii ndiyo sehemu ya maana kuliko zote. Mtu anayedunga insulini, ama anayemeza dawa za kusukuma mwili utoe insulini kama glibenclamide, dozi yake imepangwa kulingana na chakula alichozoea. Ukimtolea wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari yake inaeza kushuka vibaya usiku, nyumba nzima ikiwa imelala.

Kwa hivyo kabla ya kumbadilishia chakula cha kila siku, aende kliniki aseme, "Nataka kupunguza wanga jioni." Dozi ibadilishwe na daktari ama klinikal ofisa, si na wewe, si na yeye. Kama ako na kifaa cha kupima sukari, apime kabla ya kulala zile siku za kwanza.

Dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuongea vitu havieleweki. Ukiziona na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwa maji ama soda ya kawaida nusu glasi, ungoje dakika 15, na upime tena. Hapa sukari ni dawa, usiogope. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

Mwenye shida ya figo naye aulize kwanza, kwa sababu nyama, avokado na mboga za majani zinaeza kuwa na vitu ambavyo figo zake haziwezi kutoa vizuri.

ZILIZOBAKI

Huna friji? Pika ya kuisha. Nyama iliyopikwa isilale kwa meko mpaka asubuhi. Uko na friji: nyama na terere zinakaa siku mbili hadi tatu kwa mkebe wenye kifuniko, kabeji na sosi kando. Kesho asubuhi pasha nyama mpaka itoe mvuke, vunja mayai mawili juu, na umepata breakfast bila mkate. Achari ya embe inakaa wiki nzima na inaenda na kila kitu, hata na isyo.

Anza na siku mbili kwa wiki, labda Jumatatu na Jumatano, uone nyumba inasemaje. Ijumaa wachia watu ngima yao.